Mtoto Ambaye Baba Yake Hakuchangia

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukitoka ibadani, kijana mmoja aliyeanza kazi ya ualimu juzi juzi alitungoja nje ya kanisa. Baada ya kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani, alitueleza jambo ambalo alisema limemnyima usingizi. Shuleni kwake wazazi wamekubaliana kuchangia chakula cha mchana. Wengi wametoa, wengine hawajatoa, na walimu wamegawanyika. "Mwalimu," akatuuliza, "mtoto ambaye baba yake hakuchangia, ale au asile?"

Tulimjibu upesi kwamba ale. Alipotaka kujua sababu, tukajikuta tunatafuta maneno kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Tumeona afadhali tumjibu katika kurasa hizi, maana swali lake si la walimu peke yao. Tena sisi wenyewe, tulipokuwa Mwalimu Mkuu, tuliwahi kulijibu vibaya, na haifai mzee afiche kosa ambalo laweza kumfaa kijana.

Sisi tunaokaa hapa Ipogolo tunawaona watoto kila asubuhi. Wapo wanaongoja malori ya Mbeya na Zambia yapite ndipo wavuke barabara kuu. Wapo wanaotoka upande wa mto Ruaha Mdogo, na miezi ya Juni na Julai utawaona wamejikunyata, mikono imeingia ndani ya mikono ya sweta. Wengine wamekunywa chai ya rangi tupu, na wengine hawakupata kitu. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa saa sita mchana hahitaji kuambiwa ni nani aliyekula na ni nani ambaye hakula. Macho ya mwenye njaa yako ubaoni, lakini yeye mwenyewe hayupo darasani.

Yafaa tueleze kwanza jinsi mambo yalivyo kisheria. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, Serikali iliondoa ada na michango ya lazima mashuleni, na utaratibu huo ukaanza Januari 2016. Waraka mwingine, Namba 3 wa mwaka 2016, ulifafanua wajibu wa kila upande, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki kuwa wajibu wa mzazi. Ruzuku iliyopangwa kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, ikiwa ni pamoja na fedha za vitabu. Hata kama zote zingetiwa katika chakula, ukizigawa kwa siku za masomo, ambazo hupita 190 kwa mwaka, hazifiki shilingi 55 kwa siku. Kwa hiyo sufuria ya shule imo mikononi mwa wazazi, na mchango wao ni wa hiari. Mtoto hafukuzwi shule kwa sababu ya mchango. Lakini kumwacha ndani ya uzio wa shule, akiwatazama wenzake wakila, ni jambo ambalo halingoji waraka. Linangoja dhamiri.

Wala tusidhani kwamba njaa ya mtoto ni habari ya mikoa yenye ukame. Utafiti wa kitaifa wa afya ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Iringa, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, karibu 57 wamedumaa, hali katika taifa zima ni 30. Mkoa unaojaza malori kwa mahindi ndio uliokuwa na udumavu mwingi kuliko yote. Udumavu una sababu nyingi, na chakula cha shuleni hakiwezi kurudisha yote yaliyopotea katika miaka ya kwanza. Hata hivyo watoto wale waliopimwa mwaka ule ndio wanaoingia darasa la kwanza sasa. Ndio hao tunaobishana kama wale au wasile.

Sasa tuseme kosa letu. Tulitoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukafundisha na baadaye kuongoza shule mbalimbali katika nyanda hizi. Katika mojawapo, ambayo hatutaitaja, mnamo mwaka 2012 tulianzisha makande ya mchana. Kila kaya ilitakiwa kuleta debe moja la mahindi, maharage kiasi, na fedha kidogo za mpishi na chumvi. Muhula wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Muhula wa pili gunia za stoo zikaanza kulegea, tukaona kwamba karibu theluthi moja ya wazazi hawajatoa kitu. Tukawaita mkutanoni, hawakuja. Tukaandika barua, hazikujibiwa. Ndipo tukaandika orodha. Tunasema "tukaandika" kwa desturi ya kurasa hizi, lakini ukweli ni kwamba kalamu ilikuwa moja, na aliyeishika ndiye anayewaandikia sasa.

Kuanzia Jumatatu iliyofuata, kengele ya chakula ilipolia, waliomo katika orodha walikaa upande wa pili wa uwanja, chini ya miti. Hatukuwapiga wala hatukuwatukana. Tulijiambia kwamba watakwenda nyumbani kuwaeleza wazazi, na wazazi wataona haya na kuleta debe. Kwa maneno mengine, tulimfanya mtoto kuwa barua ya deni. Wazazi kadhaa walileta kweli, nasi tukaona kwamba dawa imefanya kazi.

Siku ya nne mwalimu wa zamu alituletea binti wa darasa la nne, aliyekamatwa nyuma ya vyoo na bakuli chini ya sweta. Alikuwa akimpelekea makande rafiki yake aliyekuwa katika orodha. Tukamwambia kwamba kutoa chakula cha shule kwa siri ni wizi. Binti yule alitazama chini, kisha akasema polepole, "Mwalimu, ni sehemu yangu mimi."

Hatukuwa na jibu. Na kwa kuwa hatukuwa na jibu, tukampa adhabu ya kufyeka nyasi. Wasomaji wengi mmepita shule, mnajua kwamba mara nyingi adhabu huja pale ambapo mkubwa ameishiwa na maneno.

Baada ya juma hivi palikuwa na mkutano wa wazazi. Mama wa binti yule alisimama. Ni mwanamke aliyeuza nyanya kando ya barabara, mwenye watoto wanne. Alisema, "Mwalimu, mimi niliuza kuku wangu wawili ili nilete debe langu. Jirani yangu anaendesha pikipiki, hajaleta hata kibaba. Je, hii ni haki?" Tukadhani tumepata wa kututetea. Tukamweleza mbele ya mkutano kwamba ni kweli, si haki, na ndiyo maana mtoto wa jirani yake hali tena. Mama akatikisa kichwa. "Mwalimu, mimi sikusema mtoto asile. Nilisema baba yake aje."

Ndugu wasomaji, maneno hayo mawili, la mtoto na la mama yake, yalitufundisha zaidi ya semina zote tulizohudhuria. Hebu tuyachambue.

Sisi wa rika letu tulilelewa katika mafundisho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tulifundishwa kwamba kazi ni msingi wa utu, na kwamba anayekula jasho la mwenzake bila kutoa la kwake ni kupe. Ni mafundisho mema, nasi hatuyaonei haya. Kanisani pia tumesikia jinsi Mtume Paulo alivyowaonya Wathesalonike juu ya watu waliokataa kazi huku wakitegemea chakula cha wengine. Tulipoandika orodha yetu tulidhani tunayo mashahidi wote wawili, Taifa na Kanisa.

Lakini tulisoma kwa haraka. Onyo lile linamhusu mtu mzima asiyetaka. Halimhusu asiyeweza, na kwa vyovyote halimhusu mtoto wa asiyetaka. Katika habari ya mchango wa chakula wamo watu wa aina tatu, na sisi tuliwatia wote katika gunia moja. Yupo anayeweza na hataki. Yupo anayetaka na hawezi. Na yupo mtoto, ambaye hakuulizwa kama anataka au anaweza. Mkutano ulipopitisha debe moja yeye hakuwapo, hana shamba lake wala mfuko wake, na baba yake hamtii. Kumdai mtoto deni asilolikopa ni dhuluma, hata kama daftari la madai limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Tena tulikosa katika kuwapima watu. Tulipokwenda hatimaye nyumbani kwa yule jirani mwenye pikipiki, jambo ambalo tungelifanya kwanza kabla ya yote, tulikuta kwamba pikipiki si yake. Aliiendesha kwa hesabu, na kila jioni alimpelekea mwenyewe fedha walizopatana, apate abiria asipate. Mama wa watoto wake alikuwa amelazwa. Hakuja mkutanoni kwa sababu saa za mkutano ndizo saa za abiria. Tulipomwuliza kama angeweza kutoa kitu kingine badala ya mahindi, alisema angebeba kuni kila Jumamosi, naye akafanya hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Kabla ya siku ile tulikuwa tumemwita kupe katika kikao cha walimu.

Hatusemi kwamba kila nyumba tuliyobisha hodi ilikuwa na mgonjwa. Nyumba nyingine tulimkuta baba amekaa kwenye ulanzi tangu saa nne, shamba lake limekodishwa, na alitujibu kwamba elimu ni bure, Serikali ilikwisha kusema. Mwingine alikuwa na duka na nyumba ya bati, akatuahidi kila juma, wala hakutoa hata siku moja. Watu wa namna hii wapo, na mama mwuza nyanya ana haki ya kuwakasirikia. Anayesema kwamba mtoto ale, kisha akanyamaza, amesema nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba baba yake aje. Tukiisahau nusu hiyo, tunawafanya wajane na wauza nyanya wabebe mzigo wa wenye maduka, na mwaka ujao nao watachoka, na sufuria itapoa.

Basi kwa nini sisi tulimwendea mtoto badala ya baba? Tumejiuliza swali hili mara nyingi tangu tulipostaafu. Jibu si zuri. Mtoto alikuwa karibu, na baba alikuwa mbali. Mtoto hawezi kutujibu, na baba angeweza kututukana. Mwenye duka tulikopa sukari kwake. Ni rahisi kumzuia mdogo mstarini kuliko kubisha hodi kwa mkubwa jioni na kumwambia usoni kwamba hatendi haki. Tuliita woga wetu utaratibu. Tunadhani kosa hili si la shule tu. Hata katika jamii na Kanisani, mara ngapi tunamkemea dhaifu kwa kosa la mwenye nguvu, kwa sababu tu dhaifu yuko mkononi?

Kijana wetu atauliza, "Je, baada ya hapo mlifanyaje?" Tutamweleza, wala tusijisifu kupita kiasi.

Kwanza tuliichana orodha, na watoto wote wakala. Pili, tulibadili wakati wa kuchangia. Mwaka wa shule huanza Januari, nasi tulikuwa tukidai mahindi Januari, mwezi ambao katika nyanda hizi mahindi yako shambani mabichi, ghala linaonyesha sakafu, na fedha zimekwenda kwenye mbolea. Tukahamisha mchango ukawa baada ya mavuno, Julai na Agosti, wakati hata maskini ana gunia mlangoni. Tatu, tulikubali kuni, maji, maboga, na siku ya kazi jikoni kuwa mchango kamili, si mchango wa huruma. Nne, majina ya waliotoa na wasiotoa yalikaa kwa mwenyekiti wa Kamati ya Shule, wala hayakusomwa mbele ya watoto. Wasiotoa walifuatwa nyumbani na wajumbe wawili, mmoja wao akiwa mzee anayeheshimika, na kama walikuwa na uwezo walielezwa wazi kwamba wanakula jasho la jirani.

Wengi walitoa. Wachache hawakutoa kabisa, yule mwenye duka akiwa mmojawapo. Mwaka uliofuata chakula kilitushinda majuma mawili kabla ya kufunga shule, tukapika uji mwepesi badala ya makande. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba tunawapunja watoto wa waliotoa ili kuwalisha wa wasiotoa. Lalamiko lake lilikuwa na uzito, maana kweli bakuli la mtoto wa mwuza nyanya lilikuwa jepesi kwa sababu ya mwenye duka.

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, na hatutaki kuuruka. Chakula kisipotosha, je, ni bora uji mwepesi kwa wote au makande mazito kwa baadhi? Tunajibu kwamba ni uji mwepesi kwa wote, na sababu yetu ni hii. Shule inafundisha siku nzima, hata wakati mwalimu hayumo darasani. Uwanja wenye makundi mawili, la wanaokula na la wanaotazama, unawafundisha watoto wote somo ambalo hatukulitia katika ratiba. Anayetazama anajifunza kwamba yeye si wa hapa. Anayekula anajifunza kula huku mwenzake akimtazama, mpaka azoee. Hilo la pili ndilo linalotutisha zaidi, kwa kuwa njaa ya mchana mmoja hupita, lakini mtu aliyezoea kushiba mbele ya mwenye njaa atakuwa mzazi, mfanyabiashara na kiongozi akiwa na mazoea hayo hayo. Binti wa darasa la nne alikataa kuzoea. Sisi, walimu wake, tulimwadhibu kwa kukataa huko.

Tuongeze neno moja juu ya walimu. Siku zile za orodha, sahani za walimu zilipakuliwa kwanza, tena kutoka chini ya sufuria, palipo na maharage. Hatukuwa tumechangia hata kibaba. Hakuna aliyetuweka chini ya mti.

Wakristo tunaijua meza nyingine. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa sababu walipokutana kwa chakula cha Bwana, waliojiweza walikula na kunywa kupita kiasi, na maskini walikaa na njaa pale pale. Hakuwauliza maskini hao kama walichangia. Aliona kwamba kwa kula hivyo wamewaaibisha wenzao na kulidharau Kanisa la Mungu. Sisi tunapopiga magoti kupokea, hakuna mzee wa Kanisa anayepita na orodha ya ahadi. Tukitoka hapo, haitupasi kuwawekea watoto wa jirani sheria ambayo sisi tumesamehewa.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana mwalimu ni hili: mtoto ale, na baba yake afuatwe, na wewe uwe miongoni mwa wanaomfuata. Usimtume mtoto. Vaa koti lako jioni, wakati baridi inaposhuka, ukabishe hodi. Utakaribishwa kwingine, na kwingine mbwa atafunguliwa. Ndiyo kazi.

Na kwa sisi tusio na watoto shuleni tena, ambao wajukuu wetu wako Dar es Salaam au Mbeya, tusidhani mambo haya yametupita. Mavuno yakija tutaleta madebe yetu kanisani kama ilivyo desturi. Debe la shule iliyo karibu nawe liwekwe kando na hilo, si badala yake. Mwandishi wa makala haya anadaiwa la kwake tangu mwaka 2012, na ameanza kulipa mwaka huu.

Binti yule sasa ni mtu mzima. Tulikutana naye miaka michache iliyopita kituo cha mabasi, akatuamkia "shikamoo, Mwalimu" kwa furaha, akatubebea mfuko. Tulimwomba msamaha kwa zile nyasi. Alicheka, akasema amesahau. Sisi bado hatujasahau.